Damu ya Sultan Hassan

Kichwa cha Sultan Hassan bin Ahmad kilifika Goa kabla ya mwanawe. Mfalme huyo wa Mvita, yaani Mombasa, na Malindi aliuawa bara, upande wa Rabai, mwaka 1614, na waliomuua walilipwa nguo na kapteni wa Ngome ya Yesu. Kichwa kilikatwa, kikapakiwa merikebuni na kuvushwa Bahari ya Hindi, ili wakubwa wa Ureno waliokuwa India wajionee kwamba kazi imekwisha. Kisha mtoto wake, Yusuf, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kama saba, akapelekwa mji uo huo alelewe na watawa wa Kikristo.

Wengi wetu tuliosoma historia ya pwani tulifundishwa zaidi habari za mtoto. Tuliambiwa kwamba tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf bin Hassan aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akaangamiza Wareno wa Mombasa na Wakristo wenzao. Tuliambiwa alikuwa msaliti aliyeuma mkono uliomlisha. Baba yake alitajwa kwa sentensi moja, kama alitajwa. Mimi naona habari imeshikwa kwa mkia. Vita vya 1631 na 1632 havikuanzia kwenye kisu cha Yusuf. Vilianzia kwenye nguo zilizolipwa bara miaka 17 kabla.

Inafaa kwanza msomaji amjue aliyeuawa alikuwa mtu wa nyumba gani, kwa maana hapo ndipo uchungu wenyewe ulipo. Hassan hakuwa wa ukoo uliopigana na Ureno. Alikuwa wa nyumba ya kifalme ya Malindi, marafiki wakubwa kuliko wote ambao Wareno waliwahi kuwapata katika pwani hii. Vasco da Gama alipopita Mombasa Aprili 1498 alitoka na wasiwasi, lakini Malindi ilimkaribisha, ikampa chakula na rubani wa kumvusha mpaka India. Nguzo yake ingali inatazama bahari kule Malindi. Tangu siku hizo Mombasa ilikuwa adui na Malindi ikawa mshirika. Mombasa ilichomwa na kuporwa na Francisco de Almeida mwaka 1505. Nuno da Cunha akaivamia tena mwaka 1528. Mwaka 1589 merikebu za Tomé de Sousa Coutinho zilikuja kumfukuza Mturuki Mir Ali Bey, na wakati huohuo kundi la Wazimba lililotoka kusini kwa nchi kavu likavuka na kuwachinja watu wa kisiwa. Katika miaka hiyo yote Malindi ilisimama upande wa Wareno.

Malipo ya urafiki huo yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1590. Wasegeju, waliokuwa marafiki wa Malindi, waliishinda Mombasa na kumkabidhi mfalme wa Malindi mji huo. Mfalme Ahmad akahamia kisiwani na watu wake. Wareno nao wakaamua kwamba hapo ndipo pa kujenga. Tarehe 11 Aprili 1593 ngome ilizinduliwa na kupewa jina la Yesu. Ramani ilichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kuta zilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe mdomoni mwa bandari. Mkataba wenyewe ulikuwa wazi: kapteni Mreno angeshika ngome na mizinga, na mfalme wa Malindi angekuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, huku akipata theluthi moja ya ushuru wa forodha.

Theluthi ya ushuru si kitu kidogo katika bandari ambayo pembe za ndovu, ambari, nguo za Gujarati na nafaka zilipita kila msimu. Tatizo ni kwamba makapteni waliotumwa Mombasa walikaa miaka michache tu kila mmoja, na walikuja kutafuta mali yao. Cheo chenyewe kilihesabiwa kuwa tuzo kwa utumishi, na aliyepewa alitarajiwa kujilipa kwa biashara. Kila senti iliyoingia kwa mfalme ilikuwa imepungua mfukoni mwa kapteni. Ndiyo maana makubaliano yaliyokuwa mazuri kwenye karatasi yalianza kuoza mara tu wino ulipokauka.

Hassan alirithi kiti cha baba yake mnamo 1609 au 1610, akarithi na ugomvi. Palikuwa na magombano kuhusu fedha za forodha na kuhusu Pemba, kisiwa chenye mpunga kilicholisha Mombasa. Ndani ya ukoo walikuwemo jamaa waliokitamani kiti, na kapteni alijua jinsi ya kuwatumia. Punde si punde Hassan akatuhumiwa kwamba ana njama ya kuasi. Wareno wa siku zile walikuwa wepesi kuliona kila lalamiko la mfalme wa pwani kuwa uasi, na mfalme aliyedai haki yake ya mkataba alionekana hatari kuliko aliyekaa kimya na kunyang'anywa.

Mwaka 1614 mambo yalifika ukingoni. Palikuwa na mpango wa kumkamata, Hassan akapata habari, akavuka kwenda bara na kukimbilia Rabai, sehemu ambayo katika maandishi ya Wareno iliandikwa Arabaja. Alikimbilia kwa watu ambao Wareno waliwaita Musungulos, jina walilowapa jamii za bara iliyo nyuma ya Mombasa, na ambao wanahistoria wengi wanawaona kuwa katika wahenga wa Wamijikenda.

Hapa nataka tutulie kidogo. Kisiwa cha Mombasa hakikuweza kuishi bila bara. Chakula kilitoka bara, pembe zilitoka bara, na kivuko cha Makupa, ambako maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu, kilikuwa mlango wa nyuma wa mji. Kwa sababu hiyo Wareno, na wafalme kabla yao, walizoea kuwapa wakubwa wa bara nguo ili amani iwepo na njia isifungwe. Nguo ilikuwa mshahara, zawadi na kodi kwa pamoja. Basi kapteni alipotaka Hassan afe, hakuhitaji kupeleka askari hata mmoja msituni. Alifanya alichozoea kufanya kila mwaka, ila safari hii alizidisha nguo na kutaja jina la mtu. Mkimbizi akauawa na wale aliokimbilia kwao.

Simlaumu Mrabai wa leo kwa hilo, na wala sidhani jamii nzima ya wakati ule ilikaa kikao ikakubaliana. Fedha ya mauaji hutafuta wachache na huwapata. Lakini aliyetia nguo hizo mezani ni mwakilishi wa taji la Ureno, na aliyeuawa alikuwa mfalme aliyetawazwa chini ya mkataba wa taji hilohilo. Kwa lugha yoyote ya sheria, ya wakati ule au ya sasa, yale yalikuwa mauaji.

Tunaposikia mfalme kauawa, tunategemea ngoma za vita zilie kesho yake. Miaka 300 baada ya Hassan, tarehe 28 Juni 1914, mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, alipigwa risasi mjini Sarajevo, na haikupita miezi miwili Ulaya yote ikawaka. Moto ule ulifika hadi kwetu: sanamu za askari zilizosimama Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam ni za watu waliokufa katika vita vilivyoanzishwa na risasi za mji ambao hawakuwahi kuusikia. Mombasa ya 1614 haikuwaka hivyo. Sababu zake zinaonekana ukizitazama karibu. Bara ilikwisha kununuliwa. Mizinga ilikuwa ya mwenye kosa, nayo ilielekezwa mjini. Ukoo uligawanyika, na Wareno wakaendelea kuitawala Mvita kupitia jamaa za marehemu. Na aliyekuwa na haki ya kulipiza kisasi alikuwa mtoto mdogo.

Wareno hawakumwacha mtoto huyo nyumbani. Walimchukua Goa, makao makuu ya milki yao ya mashariki, wakamkabidhi watawa wa Augustino, wakambatiza Jerónimo. Katika maandishi yao anaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza Kireno na dini ya waliomlea, akaoa mke Mkristo, akatumikia katika merikebu za Ureno na kujifunza upigaji mizinga. Mpango wao ulikuwa na akili yake: mfalme Mswahili wa damu, Mreno wa malezi, ambaye angeitawala Mombasa bila kuuliza habari za theluthi. Ila waliomlea walisahau, au walitaka kusahau, kwamba huu ndio mji uliopokea kichwa cha baba yake. Mtoto wa miaka saba hasahau aliko baba. Akikua huuliza, na Goa ilikuwa imejaa watu waliojua jibu.

Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa na kutawazwa. Mwaka uliofuata alituma kwa Papa Urban VIII barua ya utii. Kwa nje palikuwa na furaha: mfalme Mkristo wa kwanza wa Mvita, mjukuu wa rafiki wa zamani. Kwa ndani kijana alikuwa peke yake. Waislamu wa Mombasa walimwona mtu wa Wareno, na sioni jinsi ambavyo wangemwona vingine. Makapteni, nao, walimtendea kama mtumishi aliyevalishwa mavazi ya mfalme. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa, aliyeishika ngome kufikia 1631, alimdharau waziwazi. Ugomvi uliomuua baba ukamrudia mwana, na mara hii mwana alikuwa anaishi umbali wa hatua chache kutoka kwenye mizinga.

Kisha likaja tukio la kaburini. Inasimuliwa kwamba Yusuf alikuwa akienda kwa siri kwenye kaburi la baba yake na kusali hapo kwa taratibu za Kiislamu, mpaka Mreno mmoja alipomwona na kupeleka habari ngomeni. Kapteni akaanza kupanga kumkamata na kumpeleka Goa ahukumiwe kwa kuiacha dini. Yusuf naye akapashwa habari. Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja, unaona jinsi yanavyofanana: baba alipangiwa kukamatwa, akakimbilia bara, akauawa. Mwana alijua mwisho wa njia hiyo. Hakukimbia.

Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya Wakatoliki kusherehekea Kupalizwa Mbinguni kwa Maria, Yusuf alipita lango la Ngome ya Yesu na wafuasi wake. Sababu aliyoitoa ni kumjulia hali kapteni, ambaye alikuwa mgonjwa. Hakuna mlinzi anayemzuia mfalme wa mji asimwone mgonjwa. Akaingia chumbani, akamchoma Gamboa kwa mkono wake mwenyewe. Watu wake wakawamaliza walinzi waliokuwa wachache na wasio na habari, na ngome iliyojengwa izuie majeshi ya Waturuki ikaanguka kwa ziara ya mgonjwa.

Laiti ingeishia hapo. Yaliyofuata siwezi kuyafunika kwa sababu ya huruma yangu kwa Hassan. Wareno wa mjini, ambao nyumba zao zilipangana kwenye njia ambayo leo ni Ndia Kuu, walikimbilia nyumba ya watawa wa Augustino pamoja na Waafrika waliobatizwa. Yusuf aliwapa hiari ya kuingia Uislamu au kufa. Wengi walikataa. Mkuu wa watawa, Frei Diogo da Madre de Deus, aliuawa pamoja na wenzake. Wanaume waliuawa, na wanawake, na watoto. Idadi inayotajwa ni karibu watu 300, Wareno na Waafrika. Miongoni mwa waliouawa alikuwemo binamu wa Yusuf mwenyewe, aliyebatizwa kwa jina la António, ambaye alibembelezwa arudi kwenye dini ya wazee wake akakataa. Nusu hivi ya waliokufa walikuwa watu weusi wa pwani hii, wengi wao watumwa na wanyonge ambao hawakuwa na lolote na theluthi ya forodha wala na nguo za Rabai.

Huko kulipiza kisasi kulivuka mipaka yote ya haki. Mtoto wa Mreno aliyeuawa Agosti 1631 hakumjua Hassan bin Ahmad. Anayemtaja Yusuf kuwa shujaa na kuruka siku zile za Agosti anafanya kosa lilelile la wale wanaomtaja kuwa mwovu na kuruka mwaka 1614.

Habari ilivuka bahari kwa pepo. Mwezi Agosti kusi bado inavuma kuelekea kaskazini-mashariki, hivyo chombo kinachotoka Mombasa kinaweza kufika India. Lakini Goa, hata ikiwa na hasira kiasi gani, haiwezi kupeleka jeshi mpaka kaskazi ianze kuvuma mwisho wa mwaka. Vita vya bahari yetu vilikuwa na majira yake, na aliyetenda jambo mwezi wa Agosti alijua ana miezi kadhaa ya kujiandaa. Yusuf aliitumia. Alirudi hadharani katika Uislamu na jina lake, akaita miji ya pwani iinuke naye.

Januari 1632, kaskazi ikiwa imekolea, meli za Wareno chini ya Dom Francisco de Moura zilitokea mbele ya kisiwa zikiwa na mamia ya askari. Waliizingira ngome yao wenyewe, na yaliyowapata yalikuwa ya kustaajabisha: aliyekuwa ndani alikuwa mpiga mizinga waliyemfundisha wao, akitumia mizinga yao, nyuma ya kuta walizozichora wao. Walipiga, wakashuka nchi kavu, wakajaribu tena, na kufikia Machi walikata tamaa na kuondoka. Nadhani hilo ni jambo la kukumbukwa katika historia ya Afrika Mashariki. Katika zaidi ya karne moja ya mizinga ya Wareno, ni mara chache mno mfalme wa pwani alipolisimamisha jeshi lao la wanamaji akashinda.

Lakini kushinda mzingiro mmoja si kushinda vita. Kaskazi nyingine ingekuja na meli nyingine, na nyingine tena. Yusuf alijua hesabu hiyo. Tarehe 16 Mei 1632, miezi tisa kamili tangu siku ya mauaji, aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga, akang'oa nanga na kusi ikampeleka Arabuni. Tarehe 5 Agosti Wareno chini ya Pedro Rodrigues Botelho waliingia tena ngome iliyokuwa tupu. Yusuf aliendelea kuwawinda baharini kwa miaka kadhaa, kutoka Arabuni mpaka visiwa vya Komoro na pwani ya Madagaska, akafa Bahari ya Sham yapata 1638. Naye hakuzikwa Mvita.

Mji ndio uliolipa. Wareno hawakuweka tena mfalme Mombasa. Ukoo wa Malindi, marafiki wa miaka mia na zaidi, ukafutika kwenye kiti, na mji ukatawaliwa na kapteni. Kulipiza kisasi kulifuata pwani nzima, na habari yake imeandikwa kwenye jiwe ambalo kila mgeni wa Ngome ya Yesu hupita chini yake. Liko juu ya lango, limechongwa kwa Kireno mwaka 1639, na mwenye kulichongesha ni kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeanza kazi mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Kapteni anajisifu kwamba aliijenga upya ngome, kwamba aliirudisha chini ya mfalme wake pwani iliyokuwa imeasi pamoja na mfalme wao dhalimu, kwamba wafalme wa Utondwe, Manda, Luziwa na Chaka walilazimishwa kulipa kodi, kwamba Pate na Siu waliadhibiwa na kuta zao zikabomolewa, na kwamba Pemba wakubwa waliuawa kwa amri yake. Kisha linawataja Musungulos kuwa nao waliadhibiwa.

Nimelitazama jiwe hilo mara nyingi, na kila mara macho yangu husimama hapo. Watu waliolipwa nguo na kapteni mmoja mwaka 1614 ili waue, walipigwa na kapteni mwingine ambaye jiwe lake linasifia jambo hilo. Na mfalme dhalimu anayetajwa kwenye jiwe ni mtoto wa yule waliyemuua. Jiwe linajua mwisho tu. Hassan hayumo.

Na hayumo kwa sababu ya jinsi habari ilivyokusanywa. Mwaka 1632, huko Goa, kanisa lilifungua uchunguzi na kuwasikiliza mashahidi ili kujua kama waliokufa Mombasa wahesabiwe mashahidi wa imani. Maelezo yao yametufikia, na mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliyachapisha mwaka 1980. Ni maandishi yenye thamani kubwa, ya watu waliopoteza jamaa na wanaoeleza vifo kimoja kimoja. Ila swali lililoulizwa pale lilikuwa moja, namna Wakristo walivyokufa. Baraza la kuuliza nani aliwalipa wauaji wa Sultan Hassan halikuwahi kukaa Mombasa. Yaliyotufikia kuhusu mauaji ya 1614 yametoka kwa Wareno wenyewe, na kwa haki yao niseme kwamba mwandishi wa historia António Bocarro, aliyeandika mambo ya miaka ile, hakuyaficha. Mwislamu wa Mvita aliyemlilia Hassan hakuandikwa, na kama aliandika, karatasi yake haijatufikia.

Ngome haikuacha tabia yake. Yapata 1746, nusu karne baada ya Waomani kuwang'oa Wareno katika mzingiro wa 1696 hadi 1698, liwali wa Mombasa Mohamed bin Uthman al-Mazrui alikataa kumtambua Imamu mpya wa Oman, Ahmad bin Said al-Busaidi. Watu waliotumwa na Imamu walikuja wakijifanya wamemkimbia, wakakaribishwa, wakamuua humo humo ndani. Ndugu yake Ali aliyetiwa kifungoni alitoroka, akarudi na watu, akaichukua ngome na kuwaua waliomuua nduguye. Mombasa ikabaki mikononi mwa Wamazrui kwa miongo mingi, na uhasama wao na Wabusaidi ukaendelea mpaka karne ya 19. Wamazrui walikuwa na bahati ambayo ukoo wa Malindi haukuwa nayo: aliyebaki hai alikuwa mtu mzima, na alikuwa Mombasa.

Tangu 1958 Ngome ya Yesu inalindwa kama kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watoto wa shule huletwa kwa mabasi, wageni hupigwa picha chini ya lango, na wanaowaongoza hueleza habari za Wareno, Waomani na Waingereza kwa ustadi. Wengi huanza habari ya Yusuf pale alipoingia na kisu. Ombi langu kwao, na kwa walimu wa historia wa Mombasa, Kilifi na Kwale, ni kwamba waianze mapema zaidi. Waianze Rabai, mwaka 1614, wamtaje Hassan bin Ahmad kwa jina lake na cheo chake, waseme nani alilipa na alilipa nini. Kisha waendelee na Agosti 1631, nayo waiseme yote bila kuipunguza, pamoja na watoto waliouawa nyumbani kwa watawa.